Mguu Gani, Neva Ipi, Imeumizwa na Nini

Miaka ile madai ya bima yalikuwa bado yanakwenda kwa karatasi, na yaliyokataliwa yalirudi hospitalini kwetu yamefungwa rababendi, kila fomu ina maneno ya wino mwekundu pembeni. Siku moja nilifungua fungu nikakuta fomu nne zimeandikwa "ganzi miguu" mahali pa ugonjwa, na mbele yake namba ileile, G57.9, kama muhuri. Mzee mwenye kisukari cha miaka kumi na miwili: G57.9. Mama mjamzito wa miezi saba: G57.9. Fundi wa vigae ambaye kandambili ya mguu mmoja ilikuwa inamvuka kila akipiga hatua: G57.9. Mtoto wa miaka minne aliyechomwa sindano ya tako kisha akaanza kuburuza mguu: G57.9. Watu wanne wenye maradhi manne, wote wamevalishwa shati moja. Karani aliyejaza hakuwa mvivu. Alipewa neno moja na daktari, akatafuta namba inayofanana nalo, akaibandika, akaendelea na foleni. Karani huyo alikuwa mimi.

Nayaandika haya kwa wenzangu wa kumbukumbu za tiba na wa dawati la madai, na kwa matabibu wanaotuachia neno moja tulitafsiri wenyewe. Mgonjwa naye asome, kwa sababu namba ile ni yake na inamfuata. Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: usiguse kitabu cha namba kabla hujajua ni neva ipi, ya upande gani, na imeumizwa na nini. Ukishayajua hayo matatu, kazi iliyobaki ni ya dakika mbili.

Tuelewane kwanza kuhusu neno. Ofisini wengi tunasema "kodi": kodi ya ugonjwa, kodi ya kipimo. Mgonjwa akisikia "kodi yako haijakamilika" anashika mfuko. Mimi nitasema msimbo, kodi niwaachie watu wa mapato. Msimbo ni herufi na tarakimu zinazosimama badala ya jina la ugonjwa, ili kesi ya Songea na kesi ya Lima ziweze kuhesabiwa pamoja. Kazi hii ilianzia kwa wafu. Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha mjini Chicago orodha ya visababishi vya vifo, ikawa inarekebishwa kila baada ya muda. Shirika la Afya Duniani lilipoichukua likatoa toleo la sita mwaka 1948, na hapo ndipo maradhi ya walio hai yalipoingizwa. Toleo la kumi, ICD-10, lilipitishwa Mei 1990, na ndilo ninalolizungumzia hapa.

Sasa lugha. Kiswahili chetu kinatutega mara mbili kwenye dawati hili. Mtego wa kwanza ni "mguu", ambao kwetu unaanzia nyonga na kuishia kwenye ukucha. Mtu akisema mguu unamuuma, huenda anaonyesha paja, goti, muundi, shavu la mguu, kifundo au wayo, na kila mahali hapo pana neva yake. Mtego wa pili ni "mshipa". Kuna mshipa wa damu na mshipa wa fahamu, kano ikivutika nayo tunaiita mshipa, na pwani mwanamume akikwambia "nina mshipa" usimpeleke kwa daktari wa neva, anazungumzia ngiri au busha. Niliwahi kupata faili limeandikwa "mshipa mguu wa kulia", nikalikodolea macho robo saa nzima nikitafuta neva. Nilipoinuka kwenda kumuuliza tabibu, kumbe ni vena zilizovimba, I83, sura ya moyo na damu kabisa. Tangu siku hiyo nikiona "mshipa" peke yake nainuka kwenye kiti.

Tufungue kitabu. Magonjwa ya mfumo wa fahamu yako kwenye sura ya sita, herufi G. G57 imetengwa kwa ugonjwa wa neva moja ya mguu. Baada ya nukta, sifuri ni neva ya siatiki, ile nene inayotoka makalioni na kushuka nyuma ya paja. Moja ni meraljia paresthetika, yaani kuungua na kufa ganzi kwa upande wa nje wa paja, ambako neva ndogo ya ngozi imebanwa karibu na nyonga. Mtazame askari wa ulinzi anayejifunga mkanda mzito usiku kucha, au mtu aliyenenepa tumbo kwa haraka. Mbili ni neva ya femora, ya mbele ya paja. Tatu ni neva ya peronia, nitairudia. Nne ni neva ya tibia pale nyuma ya goti. Tano ni kubanwa kwa neva kwenye handaki la tarso, upande wa ndani wa kifundo. Sita ni neva ya wayo, pamoja na maumivu ya Morton, yale ya mtu anayesema anahisi kama amekanyaga kokoto ndani ya kiatu. Nane ni nyingine zenye jina lakini hazina chumba chao. Tisa ni isiyotajwa.

Hiyo tisa ndiyo shimo letu. Si kosa kuitumia. Imewekwa kwa ajili ya faili ambalo kweli halisemi zaidi. Lakini ukiona mwezi mzima neva zote za hospitali yenu ni tisa, tatizo halipo miguuni mwa watu.

Fundi wa vigae ni mfano mzuri kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa unaonekana kwa macho. Neva ya peronia, inaposhuka kutoka nyuma ya goti, inazunguka juu kabisa ya ule mfupa mwembamba wa pembeni, fibula. Weka kidole upande wa nje wa goti lako, shuka kidogo, utagusa kinundu kigumu. Neva inapita hapo, karibu sana na ngozi. Mtu anayechuchumaa siku nzima akipanga vigae, anayepalilia mpunga, anayekaa amekunja nne saa nyingi, anaibana neva hiyo. Ikizidiwa, misuli ya kuinua wayo inalegea na wayo unaning'inia. Fundi wetu alikuwa anainua goti juu kama anavuka kizingiti, wayo ukitua chini kwa kishindo, na kandambili ikibaki nyuma. Alikuwa na ganzi sehemu ya juu ya wayo, upande wa kushoto tu, na hakuwa ameanguka wala kupigwa. Hiyo ni G57.3, na tabibu aliyemwona alikuwa ameyaandika hayo yote kwenye ukurasa wa ndani wa faili. Mimi nilikuwa nimesoma mstari wa mwisho peke yake.

Ukikuta faili linasema tu wayo unaning'inia, bila neva kutajwa, usijitajie neva mwenyewe. Kuna M21.3, wayo au kiganja kinachoning'inia, na inatosha mpaka daktari aseme zaidi. Karani hana ruhusa ya kupima mgonjwa kwa kalamu.

Siatiki ndiyo inayopoteza watu wengi kuliko zote, na kosa linaanzia kwenye jina. Mtu ana maumivu yanayotoka kiunoni, yanapita tako, yanashuka nyuma ya mguu mpaka kifundoni. Daktari anaandika "siatika". Karani anafungua G57.0 kwa sababu imeandikwa neva ya siatiki. Sivyo. Chini ya G57.0 yenyewe kuna maneno ya kukufukuza: siatika isiyoelezwa zaidi nenda M54.3, na ile inayotokana na diski ya uti wa mgongo nenda M51.1. Maumivu ya kiuno na siatika vikiwa pamoja ni M54.4. Sababu inaeleweka ukiitafakari. Mara nyingi siatika ni kilio cha mzizi wa neva unaominywa mgongoni, pale kati ya pingili na pingili, wakati neva yenyewe huko chini ni nzima. G57.0 inataka neva iwe imeharibika njiani, kwenye nyonga au kwenye paja. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni jepesi: tatizo liko mgongoni au liko kwenye neva? Akijibu mgongoni, ondoka kwenye sura ya G.

Maneno hayo ya kufukuza, yanayotanguliwa na neno la kuondoa, ndiyo sehemu ya kitabu inayosomwa kidogo na kuokoa mengi. Mwanzoni mwa fungu la G50 hadi G59 yapo mengine: neva iliyoumia kwa ajali ya sasa hivi haikai humo, inakwenda kwenye sura ya majeraha kulingana na mahali, maumivu ya neva yasiyoelezwa ni M79.2, na uvimbe wa neva za miguu na mikono kwa mjamzito ni O26.8. Ndiyo kusema yule mama wa miezi saba hakupaswa hata kubisha hodi kwenye sura ya G. Mimba ina sura yake, na mara nyingi inadai itangulie.

Mtoto wa sindano ananisumbua mpaka leo. Neva ya siatiki inapita ndani ya tako, na mtoto mdogo ana tako jembamba. Sindano ikichomwa katikati au chini, badala ya pembe ya juu upande wa nje, inaweza kuigusa neva au kumwaga dawa juu yake. Ndiyo maana kwa watoto wadogo paja hupendekezwa. Mtoto analia kupita kawaida, na kesho yake mguu hausimami vizuri. Mama yake alieleza yote, na maelezo yalikuwa kwenye faili. Alichomwa kwenye kituo kingine, wala sitakitaja. Hilo ni jeraha la neva: S74.0, neva ya siatiki kwenye usawa wa nyonga na paja, pamoja na msimbo wa sababu ya nje kutoka sura ya ishirini unaosema limetokea wakati wa huduma. Majeraha ya neva chini ya goti ni S84, na ya kifundo na wayo ni S94.

Kulikuwa na mwenzangu aliyeniambia niache G57 tu, "usilete kesi". Naelewa hofu yake. Lakini msimbo wa sababu haumshtaki mtu kwa jina. Unasema tukio la namna hii limetokea, basi. Ukiuficha kwenye G57.9, mwaka ukiisha mganga mkuu wa mkoa ataangalia taarifa aone hakuna mtoto hata mmoja aliyeumizwa na sindano, na hakuna semina itakayoitishwa. Tena mtoto huyo akirudi baada ya miaka mitatu na mguu uliokonda, daktari atakayemwona hatajua pa kuanzia. Wakati huo msimbo nao utakuwa umebadilika: ulemavu wa sasa, kwa mfano M21.3, ndio unaotangulia, ukifuatwa na T93.4, matokeo ya jeraha la zamani la neva ya mguu. Matokeo yaliyopo mwaka mmoja au zaidi baada ya jeraha huhesabiwa humo.

Nilimwacha mzee wa kisukari makusudi, kwa sababu yeye ndiye mgonjwa mnayemwona kila siku. Ganzi yake ilianzia kwenye vidole vya miguu yote miwili ikapanda taratibu, kama mtu anayevuta soksi. Usiku nyayo zilimwaka moto mpaka anazitoa nje ya shuka. Daktari alimpima kwa ule uzi wa nailoni wa gramu 10, akagusa sehemu kadhaa za wayo, mzee amefumba macho anasema "bado, dokta, hujanigusa". Hapo hakuna neva moja ya kutaja. Ni neva nyingi kwa pamoja, polineuropathia, nayo haina nafasi kwenye G57 hata ukiiandika mara mbili, kulia na kushoto. Nimewaona watu wakifanya hivyo.

Msimbo wake unakuja kwa jozi. E11.4, kisukari cha aina ya pili chenye madhara ya neva, una alama ya msalaba, G63.2, polineuropathia ya kisukari, una nyota. Msalaba ni chanzo, nyota ni pale chanzo kilipojitokezea. Nyota haisafiri peke yake, na msalaba ndio unaotangulia. Ikiwa aina ya kisukari haikuandikwa, utaangukia E14.4, lakini afadhali uulize kwanza. Na mwenye kisukari akiugua neva moja tu, mathalani ya mbele ya paja, nyota yake ni G59.0.

Angalieni tofauti kati ya "mwenye kisukari" na "kutokana na kisukari". Mtu anaweza kuwa na kisukari, na ganzi yake ikawa imeletwa na kitu kingine kabisa. Daktari ndiye anayeziunganisha habari hizo mbili, kwa maandishi. Kwa mzee wetu daktari alikuwa ameziunganisha. Mimi ndiye niliyezitenganisha, bima ikaona kipimo cha sukari na dawa za kisukari zimeambatanishwa na neva ya mguu isiyotajwa, ikaandika kwa wekundu: utambuzi hauendani na matibabu. Walikuwa na haki. Lililoniuma zaidi si pesa. Ni kwamba kwenye kumbukumbu zetu mzee yule hakuonekana kuwa mtu ambaye miguu yake iko hatarini, anayeweza kukanyaga msumari asijue mpaka kidonda kinuke.

Vyanzo vingine vya ganzi ya soksi vitafuteni kwenye ukurasa wa dawa. Anayetumia isoniazidi kwa kifua kikuu bila vitamini B6 anaweza kupata ganzi. Daktari akithibitisha ni dawa, ni G62.0, na Y41.1 ifuate kutaja kundi la dawa. Ya pombe ni G62.1. Virusi vya UKIMWI vina misimbo yake, B20 hadi B24, navyo huharibu neva vyenyewe, na zipo dawa za zamani, kama stavudini, zilizoharibu pia. Hapo daktari aseme ni kirusi au ni dawa. Ukoma msiuzike kwenye historia. Bakteria wake wanaipenda sana ile neva ya peronia na ile ya tibia karibu na kifundo, na mgonjwa mwenye baka lisilo na hisia na wayo unaolegea anaanzia A30, neva zije nyuma.

Na ikiwa daktari mwenyewe bado hajui? Ameandika "ganzi, kuchunguza", amemwagizia vipimo, mgonjwa atarudi wiki ijayo. Hapo msimbo wa dalili unatosha, na ni wa heshima kabisa. R20.0 ni ngozi isiyohisi, R20.1 ni hisia iliyopungua, R20.2 ni kuhisi kisichokuwapo: sindano sindano, msisimko, na hata ile hali ya mtu kuhisi sisimizi wanamtembea. Ndiyo, sisimizi wamo kwenye kitabu cha Shirika la Afya Duniani. Mara ya kwanza nilipoliona jambo hilo nilicheka peke yangu masjala, maana bibi zetu wamelisema siku zote na tukadhani ni maneno ya kijijini. Maumivu ya mguu yasiyo na jina ni M79.6. Msimbo wa dalili uliosema kweli ni bora mara kumi kuliko jina zito la ugonjwa lililokisiwa, kwa sababu jina likishaingia kwenye mfumo ni vigumu sana kulitoa.

Kuhusu kukitumia kitabu, kanuni ni ya zamani na bado inavunjwa kila siku. Anza na juzuu ya tatu, kielezo cha alfabeti, tafuta jina la ugonjwa, siyo la kiungo. Kisha nenda juzuu ya kwanza uhakikishe, na hapo usome kilichoandikwa juu ya namba na chini yake. Anayeishia kwenye kielezo ni kama aliyeelekezwa nyumba akaingia bila kubisha.

Siku hizi vijana hawafungui kitabu, wanafungua simu, na hapa nina onyo. Ukiandika jina la ugonjwa kwenye intaneti, namba nyingi zinazokuja kwanza ni za Marekani. Wamarekani walianza kutumia toleo lao lililopanuliwa tarehe 1 Oktoba 2015, na upande wa mwili wameuweka ndani ya msimbo. Kwao G57.3 haijakamilika: kulia ni G57.31, kushoto G57.32, pande zote mbili G57.33. Misalaba na nyota hawana. Mzee wetu wangemwandikia E11.42 peke yake, na kanuni zao zinawaruhusu kuunganisha kisukari na ugonjwa wa neva hata daktari asiposema, ilimradi hajakanusha. Ndugu zetu walioko huko wanaofanya kazi ya misimbo wako sahihi, kwa huko. Msichana mmoja niliyemfundisha alikuwa anamuuliza shangazi yake kwa simu kila alipokwama, akipewa majibu ya tarakimu tano, na mfumo wetu ukawa unamtupia madai nje bila kumpa sababu. Tulihangaika wiki nzima kabla ya kumgundua shangazi.

Toleo letu la kimataifa halina tarakimu ya upande kwenye G57, lakini usidhani upande hauna maana. Andika kulia au kushoto kwa maneno kwenye fomu. Mgonjwa akifanyiwa picha ya goti la kushoto huku maelezo yako hayana upande, swali litarudi kwako. ICD-11, iliyoanza rasmi tarehe 1 Januari 2022, imelitatua hilo kwa misimbo ya nyongeza inayounganishwa na msimbo mkuu, ukiwamo wa upande. Neva za mguu humo zimehamia 8C11. Mifumo inayohamia huko itakuwa rahisi kwa mtu aliyezoea kuuliza upande tangu sasa.

Nije kwenye kuuliza, maana hapo ndipo makarani wengi wanaposhindwa, na si kwa kukosa elimu. Ni woga. Daktari ana foleni ya watu sitini, wewe umeshika faili mlangoni. Nimejifunza kutokwenda na faili moja moja. Nakusanya, naenda saa ya chai, nasalimia, nafungua ukurasa wenyewe na kuweka kidole pale. "Dokta, samahani, huyu mama wa kitanda cha saba, ganzi yake imetokana na nini?" Basi. Usimwambie, "Dokta, niandike ni ya kisukari?" Atasema andika, kwa sababu amechoka na chai inapoa, na jibu hilo litakuwa lako, siyo lake. Swali lisiwe na jibu tumboni. Na likishajibiwa, liandikwe kwenye faili kwa mkono wake, na sahihi na tarehe. Jibu la mdomo halisimami mbele ya mkaguzi.

Kuna swali jingine ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: msimbo upi unalipa vizuri zaidi? Nilishaulizwa na watu wazima wenye vyeo. Kumpandisha mgonjwa ugonjwa asionao ili fomu inone ni wizi, na mgonjwa ndiye anayeubeba, kwa kuwa kesho ataonekana ana polineuropathia ya kisukari wakati sukari yake ni nzima. Sitaongeza neno hapo.

Wewe mgonjwa nawe una sehemu yako. Ukiingia kwa daktari usiseme "miguu inakufa ganzi" ukanyamaza. Vua kiatu, onyesha kwa kidole inapoanzia na inapoishia. Sema ni mguu mmoja au yote miwili, tangu lini, usiku inazidi au inapungua, kandambili inakuvuka au haikuvuki. Taja kazi yako na namna unavyokaa ukiifanya. Beba dawa zote unazotumia, hata zile za mitishamba, kwenye mfuko mmoja, uziweke mezani. Taja sindano uliyochomwa, ajali uliyopata, hata ya mwaka juzi. Na ukipewa karatasi ya rufaa au nakala ya fomu, isome palipoandikwa ugonjwa. Ikiwa inasema kulia na wewe unaumwa kushoto, rudi dirishani palepale. Kesho itakuwa barua.

Mwaka jana alikuja kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu chini ya goti. Alifungwa hogo, yaani plasta ngumu, akakaa nalo wiki sita. Lilipokatwa, wayo ukaning'inia. Faili lilisema hivyo tu, na mstari wa mwisho ukaandikwa "jeraha la neva". Zamani ningeandika S84.1, neva ya peronia usawa wa muundi, nikaenda nyumbani. Lakini hogo likifungwa juu mno na likakaza, linaweza kuibana neva ileile pale kwenye kinundu cha fibula, na hapo neva haikuumizwa na ajali, imebanwa baadaye, ni G57.3. Kwenye karatasi ya siku ya kwanza hapakuwa na neno lolote kuhusu vidole. Nikasubiri saa ya chai.

"Dokta, shikamoo. Huyu kijana wa hogo, siku aliyoletwa, kabla hajafungwa, vidole alikuwa anavipandisha juu?"

Daktari alilivuta faili, akafunua nyuma mpaka kwenye karatasi ya mapokezi iliyokuwa imejikunja kwenye pini, akaisoma, akakaa kimya. Kisha akachukua kalamu, akaandika chini ya mstari wake wa jana: vidole vilikuwa vinapanda siku ya kuletwa, neva imebanwa na plasta, mguu wa kushoto. Akaweka sahihi. Mfupa uliovunjika ulibaki na S82 yake. Nikaongeza G57.3, na kwa maneno, kushoto. Alasiri hiyo nikamwona daktari yuleyule chumba cha plasta, ameinama juu ya mguu wa mtu mwingine, anapitisha kidole kati ya hogo na goti kuona kama kinaingia.